Kifua Kinapofunga Kazini: Nani Ametoa Amri?

Ndugu mtumikaji, siku ile wewe unaijua. Umeshuka kazini mzima, umekula bukari yako vizuri, huna homa, hukulala vibaya. Umefika mahali pa kutoboa jiwe. Maji ya mashine hayatoki, kapita anasema tuanze hivyohivyo kwani wakati unapita. Vumbi linapanda. Unakohoa mara moja, mara ya pili, kisha kifua kinakaza kama mtu amekizungushia mkanda na kuuvuta. Pumzi inaingia kidogo, inatoka kwa shida, tena inapiga filimbi. Unatoka pembeni, unakaa juu ya jiwe, na baada ya muda kifua kinaachilia. Mwenzako anacheka: "Umeanza kuzeeka!" Mwingine anasema una woga. Kapita labda anafikiri unatafuta kupumzika. Na jioni, nyumbani, jamaa wanaanza kuulizana nani amekufanyia vile.

Hakuna mtu aliyekufanyia. Kifua chako kimefungwa kwa amri, na amri hiyo imetoka ndani ya mwili wako mwenyewe, mahali padogo nyuma ya kichwa, pale unapoweka mkono ukichoka, juu kidogo ya shingo. Leo katika ukurasa huu tutaifuata amri ile njia yake yote, toka inakoanza mpaka inakofika. Mtu akiijua vizuri atajua lini aisikilize, na lini asiitegemee. Kwa sisi watu wa mgodi, kuitegemea mahali isipofaa ndiko kunakoua.

Mabomba yenye misuli

Pumzi inapita katika bomba moja kubwa la shingoni, lenye upana wa sentimeta 2 hivi, karibu na kidole gumba cha mwanamume. Likifika kifuani linagawanyika mawili, moja kwa kila pafu. Kila moja linagawanyika tena, na tena, mara 20 na zaidi, kama mti uliopinduliwa mizizi juu na matawi chini. Mwisho wa matawi kuna vifuko vidogo sana, mamilioni na mamilioni, na ni hapo damu inapochukua hewa nzuri na kutupa ile mbaya.

Bomba la juu limeshikwa na pete ngumu. Unaweza kuzigusa kwa kidole chini ya koo lako. Lakini kadiri matawi yanavyokuwa madogo, pete zinakwisha, na ukuta unabaki na misuli iliyolizunguka bomba. Misuli hiyo si kama ya mkono wako. Mkono unautuma wewe: inua nyundo, weka chini. Misuli ya mabomba ya pumzi haikusikii hata ukiiamuru siku nzima. Ndiyo maana mtu anayemwambia mgonjwa "jikaze tu, pumua vizuri" anasema bure, hata kama anasema kwa upendo.

Misuli ikikaza, bomba linakuwa jembamba. Wewe uliyefanya kazi na mipira ya maji ama ya hewa unajua mambo ya upana. Ukichukua mpira wenye nusu ya upana wa ule wa kwanza, si nusu ya maji yatakayopita. Kama mwendo wake ni wa utulivu, ugumu wa kupitisha unapanda mara 16. Katika kifua ni vivyo hivyo. Kukaza kidogo tu, ambako jicho lisingekuona, kunatosha kumfanya mtu mwenye nguvu akae chini akitweta.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hata sasa, ukiwa umekaa na gazeti hili mkononi, misuli ile haijalegea kabisa. Imekazwa kidogo, sikuzote. Fikiri uzi wa gita: ukilegea hautoi sauti, ukikazwa sana unakatika, mpigaji anauweka katikati. Mabomba yako ya pumzi yamewekwa hivyo, katikati, na kuna mpigaji anayeshika ufunguo usiku na mchana.

Mpigaji yuko wapi

Waganga wanapaita shina la ubongo. Ni ile sehemu inayounganisha ubongo mkubwa na uti wa mgongo, si ndefu kuliko kidole cha mkono. Ubongo mkubwa unafikiri, unahesabu mshahara, unakumbuka deni. Shina halifikiri. Linafanya kazi za mlinzi wa usiku: linapanga pumzi, mapigo ya moyo, kumeza, kukohoa, kutapika. Wewe ukilala, lenyewe halilali. Mtu akipigwa vibaya mahali pale na jiwe, anaweza kuacha kupumua hata kama kifua chake hakina kidonda. Kwa hiyo usivae kofia yako ya kazi imeinuliwa mbele kama kofia ya ngoma.

Kutoka shina hilo zinashuka neva mbili ndefu, moja kuume na moja kushoto. Zinapita shingoni karibu na mshipa mkubwa wa damu unaoupima kwa vidole, zinaingia kifuani, kisha zinaendelea mpaka tumboni. Watu wa zamani waliozikata maiti na kuzichora walizipa jina la Kilatini, vagus, ni kusema mtembezi, anayezunguka huku na huku. Sisi tutaiita neva ya vagusi. Ndani yake kuna nyuzi maelfu. Nyuzi nyingi zaidi zinapandisha habari juu. Chache zinashusha amri chini. Ni kama ofisi nzuri ya kazi: ripoti nyingi, amri chache.

Basi fuata safari. Vumbi linapogusa ukuta wa mabomba, kuna miisho ya nyuzi katikati ya ngozi laini ya ndani, inayosikia kila kitu kikali: chembe, moshi, gesi, hata baridi kali. Inapeleka habari kwa vagusi mpaka shina la ubongo. Shina linajibu papo hapo, bila kukuuliza. Kwanza, kohoa. Pili, kaza mabomba. Tatu, toa ute. Amri ya kukaza inashuka kwa vagusi ileile, inafika kwenye vituo vidogo vilivyo ndani ya ukuta wa bomba, na kutoka hapo uzi mfupi wa mwisho unafika kwenye msuli.

Uzi haugusi msuli. Kuna nafasi ndogo katikati. Ili amri ivuke, mwisho wa uzi unatoa dawa kidogo sana inayoitwa asetilikolini, na msuli ukiipata unakaza. Namna ilivyojulikana ni hadithi inayofaa kusimuliwa. Mganga Otto Loewi, wa mji wa Graz katika Austria, alisimulia mwenyewe kwamba usiku mmoja aliota jaribio, akaamka, akaandika kwa haraka, akalala tena. Asubuhi hakuweza kusoma maandiko yake! Usiku uliofuata ndoto ilirudi, na safari hii akaamka akaenda moja kwa moja kwenye chumba chake cha kazi. Alichukua mioyo 2 ya vyura. Alichokoza vagusi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha akachukua yale maji yaliyokuwa katika moyo ule akayatia kwenye wa pili, nao ukapunguza mwendo ingawa hakuna aliyegusa neva yake. Kulikuwa na kitu ndani ya maji. Alitangaza jambo hilo 1921, na mwaka 1936 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale. Kitu kile kilikuwa ni asetilikolini, ileile inayokaza mabomba yako unapomeza vumbi.

Vumbi lilipimwa

Labda unasema: haya ni maneno ya vitabu. Hapana. Mwaka 1958 waganga DuBois na Dautrebande walitangaza kazi yao ya kuwapa watu vumbi la kuvuta, vumbi lisilo na sumu, na kupima ugumu wa pumzi yao. Ugumu ulipanda. Yaani hata vumbi lisilo na sumu linakaza. Miaka michache baadaye, katika 1965, Jay Nadel na wenzake wa Marekani walifanya vile kwa gesi ya kiberiti, ile waganga wa kemia wanaita dioksidi ya salfa. Walipopooza neva za vagusi za paka kwa baridi, amri ikasimama na mabomba hayakukaza. Neva zilipopata joto tena, yakakaza tena. Kwa watu wenye afya waliwapa kwanza dawa ya atropini, inayozuia msuli kusikia asetilikolini, nao mabomba yao hayakukaza walipovuta ile gesi.

Gesi hiyo sisi wa Katanga hatuhitaji kuonyeshwa. Mawe mengi ya shaba yana salfa ndani, na yakichomwa salfa inatoka na moshi. Kuyeyusha shaba katika Lubumbashi kulianza mwaka 1911, na watu waliokaa upande upepo ulikoelekea walijua harufu yake kooni kabla ya kuisikia puani. Siku hizi gesi ileile iko katika viwanda vya asidi na pale inapotumiwa kuyeyusha kobalti katika matangi. Mwenye pumu anakazwa kifua kwa gesi kidogo sana, dakika chache tu, hasa akiwa anafanya kazi ngumu na kupumua kwa mdomo. Mwenzake mzima aliye karibu naye hasikii kitu. Basi usimwambie mwenzako anadanganya kwa sababu wewe husikii. Neva zake zimechokozwa zaidi ya zako, ndiyo tofauti.

Na zinachokozwa namna gani? Wakati mwingine ni mafua tu. Mwisho wa uzi wa vagusi una freni yake, inayozuia asetilikolini isitoke nyingi. Virusi vya mafua vinaweza kuiharibu freni ile kwa muda. Ndiyo maana mtu aliyepona mafua anaendelea wiki kadhaa kukohoa kwa kila moshi. Wakati mwingine ni kitu cha kazini chenyewe. Vumbi la kobalti, kwa watu wengine, linafundisha mwili kulichukia. Miezi inapita bila neno, hata mwaka, kisha siku moja kifua kinaanza kukaza. Na toka hapo kidogo sana kinatosha.

Ugonjwa wa namna hii una hila moja ambayo imedanganya familia nyingi. Kifua hakikazi kila mara kazini. Kinaweza kukaza saa kadhaa baadaye, jioni ama usiku, nyumbani. Bibi anasema ni nyumba ina unyevu, mama mkwe anasema ni nyumba ina watu wabaya. Uliza hivi: siku za kupumzika unakuwaje? Na wakati wa likizo, ulipokwenda kijijini wiki tatu, ulilala vizuri? Kama likizo inakufungua na kazi inakufunga, mwambie mganga wa dispanseri maneno hayohayo, kwani hayo peke yake yana thamani kuliko sindano tatu.

Mlinzi asiyeona yote

Sasa tumefika mahali tulipotaka kufika. Amri ya kukaza ni ulinzi. Bomba jembamba na ute mwingi vinashika chembe nzito kabla hazijafika chini, na kikohozi kinazirudisha juu. Tena unakuonya: toka hapa. Lakini mlinzi huyu anaona wezi wakubwa tu.

Vumbi unaloliona likielea katika mwanga wa taa yako linagusa mabomba ya juu, linaamsha neva, unakohoa. Vumbi jembamba la jiwe gumu, lile la silika, huwezi kuliona hata ukikaza macho. Chembe zake, nyembamba kuliko unywele mara nyingi, zinateremka mpaka kwenye vifuko vya mwisho. Huko miisho ile ya kuamsha kikohozi haiko kama ilivyo juu. Hakuna filimbi, hakuna kukaza, mwenzako haanguki. Linakaa pale, mwili unajaribu kulila na kushindwa, kidonda kinakuwa kovu, na baada ya miaka 10 ama 20 pafu limekuwa gumu. Silikosi haifungui tena. Kifua kilichokazwa na neva leo kinaweza kuachilia jioni. Kifua cha silikosi hakirudi. Mtu aliyezoea kusema "vumbi hili halinisumbui, sikohoi" amesema ukweli juu ya neva zake na hakusema kitu juu ya mapafu yake.

Moshi wa baruti ni mwingine. Baada ya kulipua mwamba, katika moshi ule mna gesi za nitrojeni. Zinaweza kukusumbua kidogo tu, ukakohoa, ukaona imepita. Unarudi nyumbani, unaoga, unakula. Saa nyingi baadaye, mara nyingine kesho yake, mapafu yanaanza kujaa maji. Kwa hiyo mtu aliyevuta moshi wa baruti apelekwe hospitali hata kama anasimama na kucheka, na aangaliwe mpaka siku ya pili. Wala msirudi mahali pa mlipuko kabla ya wakati uliowekwa, kwa sababu tu mmenusa na kuona ni sawa. Pua zenu si kipimo.

Na monoksidi ya kaboni, ile ya mbabula na ya moshi wa mashine, haina harufu, haina rangi, haikazi chochote. Neva hazisikii. Shina la ubongo halipati ripoti yoyote ya gesi hiyo. Mama, wewe unayesoma ukurasa huu: wakati wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba, usiingize mbabula yenye makala ndani ya chumba cha kulala na kufunga dirisha, hata kama makala hayatoi moshi tena. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya. Watu wanalala na kichwa kinauma, wala hawaamki.

Dawa inafungua mlango kwa wote

Kuna njia mbili za kulegeza misuli ile. Ya kwanza ni kuzuia amri isisikike: atropini inafanya hivyo, na ndugu yake ipratropiumu, ambayo mgonjwa anaivuta. Ya pili ni kuleta amri nyingine inayosema legea. Mwili wenyewe unayo: ni adrenalini inayotembea katika damu. Salbutamoli, ile ya kichupa cha kupuliza ambayo wengi wanaiita Ventoline, inaigiza adrenalini hapohapo kwenye msuli. Kwa dakika chache mabomba yanafunguka.

Ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi. Lakini kuna tabia moja mbaya sana: mtumikaji ananunua kichupa mjini, anapuliza mara mbili asubuhi kabla ya kushuka, kisha anafanya kazi katika vumbi siku nzima bila maski wala maji, akisema "sasa sisikii kitu." Ndugu, umefungua mlango, na vumbi nalo limeingia kwa mlango huohuo. Umemnyamazisha mlinzi na wezi wako bado uani. Dawa ya kufungua ni ya mtu aliyetoka katika vumbi, si ya kumrudisha. Tena mwenye pumu ya kweli anahitaji dawa nyingine ya kutuliza uvimbe wa ndani, inayovutwa kila siku hata akiwa mzima. Kichupa cha kufungua kikikwisha kwa mwezi mmoja, ni ishara kwamba mambo hayaendi.

Kwa watoto, kichupa kinawashinda: wanapuliza na dawa inabaki mdomoni. Waganga wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa tundu nyuma na kubandikwa vizuri, inafanya kazi ya chombo cha kuuzwa kwa bei. Unapuliza ndani ya chupa, mtoto anavuta polepole kwenye mdomo wake. Mwombe mganga wa dispanseri akuonyeshe namna ya kuitoboa.

Neno juu ya majani. Wazee wengine wanajua mti mdogo wenye maua meupe marefu kama tarumbeta na matunda ya miiba, datura, unaoota kwenye takataka na kando ya mashamba. Zamani majani yake yalivutwa kama sigara kwa ajili ya pumu, si Afrika tu bali India na Ulaya pia, na hawakuwa wajinga: ndani yake mna atropini. Lakini jani moja lina kidogo, lingine lina kingi, na hakuna anayejua. Ikizidi, mtu anakauka mdomo, anaona vitu visivyoko, moyo unapiga mbio, na wengine wamekufa. Hospitali inapima atropini kwa miligramu. Shamba halipimi.

Hospitali inaitumia atropini ileile kwa jambo jingine linalogusa nyumba zetu nyingi, kwani wengi wana shamba la mahindi ama nyanya nje ya mji. Dawa nyingine za kuua wadudu zinazuia mwili kuifuta asetilikolini. Amri ya kukaza inatolewa na haizimwi tena. Ishara zake: mate yanatiririka, machozi, jasho, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinakaza na kujaa ute. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji na sabuni ukijikinga mikono, mpeleke mbio, na chukua kopo la dawa ukalionyeshe.

Usiku, na kopo la lutuku

Umeona kwamba pumu inapenda kuja kabla jogoo hajawika? Usiku shina la ubongo linapunguza kazi za mchana, na vagusi inashika nguvu zaidi. Moyo unakwenda polepole, tumbo linafanya kazi yake, mabomba ya pumzi yanakaza kidogo. Mzima hasikii. Mwenye pumu anaamka ameketi. Mtu anayeamshwa na kifua usiku, hata mara mbili kwa wiki, ugonjwa wake haujashikwa, ingawa mchana anabeba mzigo.

Misuli ya ulimi na koo nayo inapata amri zake toka shina lilelile, ila yenyewe ina kazi kinyume: inakaza ili kushika njia iwe wazi. Katika usingizi inalegea kidogo. Mtu aliyekunywa lutuku nyingi, amri inapungua zaidi, ulimi unaanguka nyuma, anakoroma, kisha anakaa kimya kabisa, kisha anashtuka kwa kishindo. Bibi anajua, yeye mwenyewe hajui. Kama ukimya ule unarudi kila usiku, na mchana anasinzia kwenye usukani wa lori la mawe, jambo hilo si la kuchekea. Kabla ya kumpa zamu nyingine, mganga amwone.

Kifua kikifunga mbele yako

Mtoe katika vumbi ama gesi kwanza. Kama ni gesi ndani ya tangi ama handaki usiingie bila chombo cha pumzi, kwani wamekufa wengi waliomfuata mwenzao. Mkalishe, asilale, ainame mbele kidogo, mikono juu ya magoti. Mfungulie mkanda na shati. Msimzunguke wote, wala msimmwagie maji. Kama ana kichupa chake, apulize mara 4, moja moja, akivuta taratibu baada ya kila mpulizo. Baada ya dakika chache arudie.

Msikilize akisema. Mtu anayeweza kumaliza sentensi ana wakati. Mtu anayesema neno moja na kuvuta pumzi, neno moja na kuvuta pumzi, hana wakati: gari lije sasa. Midomo ikigeuka rangi ya majivu, ama filimbi ikinyamaza huku kifua bado kinahangaika, msifurahi kwamba imepoa. Imenyamaza kwa sababu hakuna hewa inayopita tena.

Kuhusu maski: kitambaa kilichofungwa puani kinashika vumbi nene tu, lile ambalo neva zako zingelishika hata hivyo. Kwa vumbi jembamba inahitajika maski ya kichujio yenye alama yake, inayobana usoni. Ndevu zinaiachia nafasi. Na maski ya vumbi haizuii gesi. Kwa gesi kuna kopo jingine, lenye rangi na herufi za gesi ile, nalo lina tarehe ya mwisho. Kabla ya maski kuna maji. Mashine ya kutoboa isipotoa maji usiianze. Mwambie kapita jambo lenyewe: maji hayatoki. Akikuuliza kama vumbi linakusumbua, usijibu ndiyo wala hapana, mwonyeshe mpira mkavu.

Na ukienda dispanseri, omba iandikwe katika karatasi yako: siku gani, kazi gani, vumbi ama gesi gani, kifua kilikaza muda gani, kiliachilia lini. Mruhusu mganga akupulizishe katika kile chombo cha kupima nguvu ya pumzi, na kama inawezekana mara mbili, kabla ya zamu na baada yake, kwa siku kadhaa za kazi na siku kadhaa za kupumzika. Karatasi ile uiweke nyumbani pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya watoto.